Diski Isiyo na Herufi

Jumatatu, tarehe 3

Kaka yangu mpendwa,

Mgongo umepoa? Wamekupa godoro huko mahabusu, au bado unalalia sakafu? Mimi na mama hatujambo, ila siku hizi tunakula kimya kimya kama wageni.

Bosi amenipa nafasi yako dukani. Nafagia na kupokea kompyuta za wateja. Unanijua: mtu akiniuliza kitu, sauti inaishia kooni.

Nina habari. Kwenye kikapu cha mama cha kushonea nimekuta diski yako nyeusi, ile uliyoiandika “kamera ya duka”. Bosi aliwaambia polisi kwamba kamera ilikuwa mbovu siku kompyuta za shule zilipoibwa stoo. Kama haikuwa mbovu, si ataonekana aliyezibeba, na tujue si wewe? Tatizo, nikiichomeka kwenye laptop yako ya zamani taa inawaka, basi. Kompyuta haiitambui.

Nifanyeje? Barua hii anakuletea bosi. Ana roho nzuri sana.

Mdogo wako,
Sisimizi

*

Jumamosi, tarehe 8

Sisimizi wangu,

Mgongo umegoma, ila mdomo mzima. Jirani yangu humu anakoroma kama jenereta, tunamcheka mpaka machozi. Mama amenikuta salama, naye ndiye anakubebea barua hii.

Diski hiyo niliileta nyumbani kuitengeneza, nikakamatwa kabla sijaifungua. Sikiliza kwa makini. Diski ikikataa, usiilazimishe. Kwanza badilisha waya. Waya ndio huharibika kabla ya vyote. Pili, chomeka tundu la upande wa pili. Tatu, isafishe. Kusafisha kwetu mafundi ni pamba na spiriti kidogo kwenye meno ya plagi. Lakini lile neno “safisha” linaloandikwa kwenye kompyuta ni kitu kingine: linafuta kila kilichomo. Ukiliona, kimbia. Na ikikuuliza kama uifomati, ni kufuta kule kule, jibu hapana.

Kisha fungua orodha ya diski zote, uniandikie unachokiona. Usiguse kitu.

Halafu, bahasha yako ilifika na gundi mbili, moja juu ya nyingine. Labda ni askari wa hapa. Labda.

Kaka yako,
Bisibisi

*

Jumatatu, tarehe 10

Kaka yangu,

Pole na jenereta. Mama anakusalimu, amekushonea shati.

Nimebadilisha waya, nikasafisha kwa pamba mpaka meno yakang'aa. Sasa kwenye orodha ipo! Imeandikwa ukubwa wake, na kwamba ni nzima, ila haina herufi kama diski nyingine zenye C na D. Nimeiacha hivyo hivyo.

Kuhusu gundi, nimemuuliza bosi. Amecheka, akasema, “Mwanangu, bahasha za siku hizi ni karatasi ya maandazi.” Leo anakuja huko kukuletea sabuni, ndiyo maana nampa na hii. Juzi alinirudisha nyumbani kwa gari, akauliza mama hutoka saa ngapi kwenda kazini. Anatujali.

Mdogo wako,
Sisimizi

*

Ijumaa, tarehe 14

Dada mpendwa,

Natumai u mzima wa afya. Mimi ni mzima. Barua hii nimechapiwa ofisini kwa sababu mkono unaniuma.

Nimefikiria sana. Diski hiyo imeharibika na haina kitu cha maana. Nenda kwenye kompyuta, chagua diski, andika amri ya kusafisha, kisha thibitisha. Ukishaisafisha, mkabidhi bosi, yeye anajua cha kufanya. Usimsumbue mama kwa mambo haya.

Kaka yako

*

Jumatatu, tarehe 17

Kaka yangu mpendwa,

Pole na mkono. Nimeipata barua yako. Bosi aliniletea mwenyewe mpaka mlangoni.

Nimeisafisha, kaka, kama ulivyonifundisha. Nimerudia mara mbili, taratibu, sikufanya haraka. Leo nimemkabidhi bosi diski mkononi, akanishika bega, akasema mimi ni mtoto msikivu.

Pumzisha mkono.

Mdogo wako,
Sisimizi

*

Jumamosi, tarehe 22

Kaka Bisibisi,

Mgongo vipi? Hii inakuja kwa mama, kwenye ukosi wa shati. Soma, kisha itafune.

Hujawahi kuniita “dada”. Hujawahi kuacha kuandika Bisibisi. Na ile barua imechapwa na printa ya dukani, ile inayoacha mstari mweusi pembeni. Mimi ndiye ninayeipangusa kila asubuhi. Siku moja kabla haijaja, tulikuta kikapu cha mama kimepekuliwa. Diski ilikuwa begini mwangu.

Niliisafisha kwa pamba na spiriti. Basi. Nikawaza, kitu kisicho na jina kompyuta itakiitaje? Nikaipa herufi mwenyewe: S. Ikafunguka papo hapo. Kaka, kwenye video ni Jumapili mchana kweupe, duka limefungwa, na bosi anapakia maboksi kwenye gari lake. Katikati anasimama kunywa maji. Kisha anainua macho kwenye kamera, anavuta kiti cha kupandia, na picha inakatika.

Diski iko kwa wakili wako tangu Jumanne. Ataipeleka mahakamani Jumatatu. Anaomba bosi asishtuke kabla ya hapo. Kwa hiyo naendelea kwenda kazini. Niliyompa bosi ni diski nyeusi niliyoitoa kwenye boksi la skrepa, nikaiandika maneno yako yale yale. Imekufa, haitambuliwi na kompyuta yoyote, nikadhani hatajua tofauti.

Lakini jana, wakati wa kufunga, aliiweka mezani mbele yangu. Akasema kwa upole wake ule ule, “Mwanangu, uliniambia umeisafisha. Mbona meno yake yana vumbi?”

Nikachukua ufagio. Akacheka, akasema tutazungumza vizuri leo, maana Jumamosi tunakuwa wawili tu.

Mama hajui hili la vumbi. Nisipokwenda, bosi atajua kila kitu siku mbili kabla. Nimebeba pamba na chupa ya spiriti. Nikifika, kitu cha kwanza nitaisafisha ile diski mbele yake, adhani nilisahau meno tu.

Usinijibu kupitia yeye. Jumatatu tukionana mahakamani, nitakuwa nimekaa karibu na mama.

Mdogo wako,
Sisimizi