Mlango Mdogo wa Bwenini

Baba Saada,

Anaandika mjukuu wako Zuhura, maneno ni yangu. Nshamwambia asinipambie wala asinipunguzie. Nikikutukana aandike, nikilia angoje. Sijui wafu husomewa vipi barua, lakini wewe hata uhai wako ulikuwa husomi, ukisomewa, basi sioni tofauti.

Nna habari moja, na sitaki uisikie kwa dada yako Mize, kwa kuwa atakuja kaburini kwako kunisema. Kesho nnahama nyumba hii. Eda yako sijaimaliza.

Ushakasirika? Kasirika kwanza, kisha nisikilize.

Tangu walipokutoa hapa nimekaa chumba cha ndani na nguo nyeupe, bila wanja, bila udi, bila kioo. Kioo sikukitaka hata kabla ya hapo, kwa hivyo hilo halikunisumbua. Lililonisumbua ni sauti. Nyumba hii ya chuo unaijua ilivyoganda na ukuta wa bweni, mwanachuo akipiga chafya kule mimi huku nnamwombea rehema. Na pale uani pana ule mlango mdogo ulioutoboa kwa mikono yako, mwaka ule baada ya Mapinduzi tulipohamia Mtoni, ili mwenye shida asizunguke mpaka lango kuu. Mkuu wa chuo alipouona akakuuliza nani kakupa ruhusa. Ukamjibu, "Ukuta wenyewe, bwana mkubwa. Ulishachoka kusimama." Nilidhani watakufukuza kazi siku ile. Mtu yule alicheka mpaka akakaa chini.

Kazi waliyokuajiria ilikuwa kushika funguo, kufagia na kuzima taa. Nani alikutuma mengine? Mtoto wa Pemba akishuka bandarini Malindi na sanduku lake la mbao, hajui aende kulia wala kushoto, wewe uko pale na baiskeli. Mwalimu mgeni kutoka bara hajui samaki gani wa leo na yupi wa juzi, unakwenda naye sokoni. Mke wa Mwalimu Petro aliposhikwa na uchungu, nani alimfuata mkunga? Mimi nnapakua wali, nikigeuka kuchukua kijiko sahani yangu haipo, imeshavuka mlango mdogo. Nikigomba, unaniambia, "Mama Saada, wewe unakula tangu uzaliwe. Huyu hajala tangu jana."

Nilikuwa nnakununia kwa hayo. Siku hizi sina wa kumnunia, na mdomo umebaki umevimba vivyo hivyo.

Na ulikuwa unaitika kabla hujaamka. "Hodi, Babu Makame." "Naam, baba." Macho yamefumba, mkono unapapasa kikoi. Mimi nikakwambia ipo siku utaitika umekufa.

Bado wanakuja. Hilo ndilo lililonimaliza. Si kwamba hawajui. Wao ndio waliokubeba, wakipokezana jeneza mpaka makaburini, Saada kaniambia walikuwa wanagombania bega. Lakini mguu una mazoea yake. Mtu anafika pale mlangoni, "Hodi, Ba..." Nnasikia viatu vinasugua mchanga, kisha vinarudi vilikotoka. Zuhura akiwepo anamjibu. Asipokuwepo, basi. Mimi niko nyuma ya pazia, mjane, sauti yangu si ya kusikilizwa na wanaume wasio maharimu zangu. Ndivyo alivyonifunza mama yangu, na ndivyo alivyonikumbusha Mize kila asubuhi huku ananilia uji wangu.

Kisha akaja Mkuu wa chuo. Akakaa barazani, akazungumza na Saada, mimi nnasikia ndani. Akasema wameshampata mtu wa kushika kazi yako, Bwana Ameir wa Makunduchi, lakini mtu wa bweni lazima alale hapa hapa, na nyumba ni hii moja. "Lakini hatumtoi mjane edani. Bi Kombo akae mpaka amalize." Muungwana yule. Nilimwombea dua mikono juu. Nikajiona mke mwenye bahati, kwamba chuo kizima kinangoja nikulie nimalize. Sikuona kwamba kila siku niliyokaa humu kukuheshimu ni siku ambayo wale watoto wako hawana mtu.

Sasa nikwambie habari ya Khamis.

Yule wa Wete, mwenye pumu. Yule uliyekuwa ukimkalisha juu ya kinu kilichofudikizwa, mgongo wima, ukampigia hadithi zako za uongo, ya papa aliyekuja kukuomba tumbaku, mpaka pumzi irudi. Alikuja baada ya alasiri. Zuhura yuko foleni ya mchele, Saada kwake, wenzake wote wamekwenda kiwanjani kutazama mpira. Hakupiga hodi. Hodi inataka pumzi. Alikuwa anaukwangua mlango kwa kucha.

Nikaijua ile filimbi ya kifuani.

Nikatoka, Baba Saada. Sikuuliza dini wala sikumuuliza Mize. Nilitoka na nguo zangu nyeupe, kanga imenianguka begani, nikamvuta ndani, nikamweka juu ya kinu chako, nikamshika mgongo kwa kifua changu kama mtoto niliyemzaa. Nikapiga ukelele nadhani Bububu waliusikia. Midomo yake ilikuwa rangi ya zambarau. Nikatafuta hadithi zako kichwani, sikuipata hata moja, miaka yote hiyo nnazisikia na kukwambia unyamaze. Nikawa nnamwambia tu, "Vuta, baba. Vuta. Usinifie na wewe."

Wakaja watu, wakasimamisha gari ya shamba iliyokuwa inapita, wakampakia juu ya magunia ya muhogo, wakampeleka hospitali. Alipona. Nimshukuru Mungu kwa hilo, na nnamshukuru. Lakini baba yake akaja kwa meli kumchukua. Kabla hawajaondoka alisimama pale mlango mdogo akamwambia Zuhura, "Mwambie bibi yako namshukuru, namwombea. Lakini mwanangu nilimwacha mikononi mwa Makame. Chuo mimi sikijui."

Wakaenda zao. Alikuwa kabakisha muhula mmoja tu awe mwalimu. Sasa anapanda mikarafuu na kifua kile.

Nikamtuma Saada kwa Maalim wa msikitini. Maalim akajibu, mjane hatoki nyumba aliyofiliwa ila kwa dharura, na dharura yangu ni ipi? Nikamwambia Saada arudi amwambie: dharura yangu imekwangua mlango kwa kucha. Saada anasema Maalim alivua kofia, akaivaa tena. Akasema niende kwa binti yangu Malindi, moja kwa moja, nisipite kwa mtu, nimalizie eda huko. Na sauti yangu, akasema, kumwitika mgonjwa si dhambi, na aliyeniambia vingine aje kwake. Nikamwangalia Mize. Mize akaangalia uji.

Baadaye alinilipiza. "Unamkimbia kaka yangu na udongo haujakauka!" Nikamwambia, "Wewe uliikimbia harusi yake kwa sababu pilau ilikosa nyama. Leo unanifunza kukaa?" Hatusemezani. Tukimaliza kutosemezana nitakwambia.

Kwa hivyo nikapeleka neno kwa Mkuu wa chuo: mwambieni Bwana Ameir aje, nyumba yake. Siku ile niliona kama nimekufanyia jambo, nililala.

Juzi Bwana Ameir akaja kuiangalia nyumba, na fundi pamoja naye. Si mtu mbaya, usianze kumchukia. Mpole, anasali, alinisalimia kupitia pazia kwa adabu, akaniombea subira. Ana mke na mabinti wakubwa. Akatembea uani, akafika pale mlangoni kwako, akaufungua, akatazama bwenini, akaufunga. Akamwambia fundi, "Huu tutauziba. Mabinti zangu hawawezi kukaa uani na wanaume wanaingia na kutoka."

Na ana haki. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa mama yao ningesema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Mkuu wa chuo kakubali. Badala yake kuna chumba pale lango kuu, kimepakwa rangi, kina meza. Zuhura kanisomea kibao: Huduma kwa Walimu na Wanafunzi. Mwenye shida atakwenda, atakaa kwenye benchi, ataitwa, ataeleza. Kinafungwa saa tisa. Khamis, nnakukumbusha, alikuja baada ya alasiri.

Nimeitoa eda yangu nyumbani kwako ili mlango upate mtu, na mtu mwenyewe anauziba mlango.

Utaniuliza, basi kwa nini bado nnaondoka? Neno nshalitoa. Mke wa watu keshafunga virago Makunduchi. Na tena mwanamume nyuma ya ukuta pengine ni afadhali kuliko mjane nyuma ya pazia. Nnajisemea hivyo. Sijiamini nikijisemea.

Mwalimu Petro kaomba uhamisho, arudi bara. Mkewe alikuja kuniaga na yule mtoto aliyezaliwa siku ile, anakimbia sasa, kichwa kikubwa. Mwanakanisa kamili, anaitwa Makame! Akauliza, "Babu yuko wapi?" Mama yake akalia, nami nikalia, Zuhura naye, mtoto akatutazama wote akaona hatuna maana, akaenda kukaa juu ya kinu.

Kinu nnakiacha. Saada hana uwanja wa kutwangia, na mke wa Bwana Ameir atakihitaji. Watakisimamisha, watatwangia kisamvu. Hawatajua ni watu wangapi waliorudishiwa pumzi pale juu, na sitawaambia, maana nikiwaambia nitalia mbele ya wageni.

Na wewe, mbona hukuniitika? Asubuhi ile nilikuita mara ngapi? Watu wote wa chuo kile, wa dini zote, wa visiwa vyote, wakisema hodi tu "naam, baba". Mimi mkeo nnakutikisa bega, nnakuita kwa jina lako ambalo nilikuwa sijalitamka tangu niolewe, na wewe kimya. Ulimpeleka hospitali kila mwenye homa. Kikohozi chako ukasema ni vumbi la ufagio. Mpumbavu wewe. Mpumbavu wangu mimi.

Zuhura anafuta macho. Andika, mama, karatasi inaloa.

Kaburi lako sijaliona bado. Nikimaliza eda Saada atanipeleka, nitakaa na wewe, na Mize akiwepo atakaa upande wa pili. Mpaka hapo, kwaheri ya nyumba hii. Kwaheri ya kitanda kinacholia upande wako. Mungu akulaze pema, akupe jirani asiyebisha hodi, kwa kuwa nnakujua, utaamka.

Ahadi kubwa ulikuwa huzipendi, na mimi kubwa sina. Fundi anakuja kesho asubuhi na mawe na chokaa. Mpaka atakapoweka jiwe lake la kwanza, atakayefika pale nitamwitika mimi, kwa sauti yangu, watu waseme watakavyo. Nnakuahidi mpaka kesho asubuhi tu. Baada ya hapo sijui nani ataitika, na sitakudanganya wewe uliyelala.

Ngoja. Viatu mchangani.

Andika hili, Zuhura, ndipo uweke kalamu: nimemwitika. Hajamaliza hata hodi.

Mkeo,
Mama Saada