Mchoro wa Koki Siufuti

Dada Achol,

Ejok, nakusalimu kwa Kiturkana changu. Tangu tukuzike Kakuma, ofisi yetu ya Lodwar imepata bosi mpya, nami nimeota pembe. Ungenicheka.

Anataka michoro yote ya kitabu cha pampu za sola igeuzwe JPEG, halafu faili zako za SVG zifutwe. Eti picha ni picha. Picha si picha! Wewe ndiye uliyenifundisha, pale mezani kwako kambini: JPEG tuiachie kamera, mchoro wa mistari uwe SVG, maana hata ukikuzwa ukajaza ukuta haufifii. Na maneno yasigandishwe ndani ya mchoro. Yakae peke yake, tuyarekebishe mara moja, yabadilike kwenye kitabu, bango na simu. Nilinung'unika sana. Nisamehe.

Halafu nikaandika FUNGA HAPA ndani ya JPEG, kwa haraka zangu. Mama mtunza kisima akachukua mpira wa baiskeli, akaufunga kwenye bomba fundo juu ya fundo, koki ikabaki wazi. Tangi zima likamwagika. Tulipofika akatukaripia: "Si nyinyi mmesema funga? Mimi nimefunga!" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukachora upya, ukaandika "Zungusha koki kulia mpaka mwisho," na hukumwambia mtu kosa lilikuwa la nani.

Sasa bosi ameiokota JPEG yangu ileile kwenye folda ya zamani, anataka iwe bango la visima vyote. Watu watakosa maji, Achol, kwa uvivu wangu mimi.

Jumatatu nilisimama mkutanoni, nikasema kosa ni langu na marehemu ndiye aliyelirekebisha. Bosi akanijibu, "Akiru, futa hizo faili kufikia Ijumaa, ama utafute kazi kwingine."

Leo ndiyo Ijumaa. Sijafuta hata moja. Mabango yenye mchoro wako yamepanda basi la Kakuma asubuhi, na nakala za faili nimewapa mafundi wa visima. Naumia kwamba hupo kuyaona.

Nakuahidi, nikiwa na kazi au bila kazi, mchoro wako utakuwa na mtu wa kuutetea.

Pumzika, dada yangu. Nasikia viatu vya bosi kwenye veranda. Acha nikamwambie mwenyewe.

Akiru