Ruta Juu ya Orodha

Siku ya kwanza, tarehe 2, mwezi wa sita
Majina kumi na mbili tena asubuhi, ya waliokimbia vita na ya wale wanaotafutwa na ndugu zao. Parokia imejaa, watu wanalala mpaka kwenye ngazi za kanisa. Mimi naandika, Papa Anselemi anasikiliza fonia, ile redio inayoleta habari za parokia zingine. Hii programu ya orodha kwenye kompyuta nilijitungia mwenyewe, na iko na wazimu: ukiongeza jina, kisanduku cha maandishi kinaruka juu, kijiti cha kuandikia kinarudi mbele ya herufi ya kwanza kabisa. Unateremka upya, mustari kwa mustari. Papa Anselemi akalalamika: "Mama Klodi, tengeneza hii kitu yako!" Nikasema kesho.

Siku ya pili, tarehe 3
Sikutengeneza. Sitaki. Jina ya kwanza ni Ruta, mudogo yangu. Tulipotezana kwenye barabara ya Mambasa, risasi zilipoanza. Mukono yake ilitoka ndani ya yangu. Kisanduku kikiruka, namuona. Mara mia kwa siku. Jenereta inaunguruma, macho inalegea, na kama ndoto yeye anachungulia mulangoni na nguo yake ya manjano. Napenda huo wazimu.

Siku ya ine, tarehe 5
Mungu wangu! Nimetoka kuchota maji, nasoma juu kabisa: "Amepatikana Mambasa, iko muzima. RUTA." Nikalia, nikacheka, nikamukumbatia Mama Dorika wa Djugu, yule anayekuja kila siku kuuliza mutoto yake Yona. Akacheza na mimi, masikini, yeye asiye na habari. Chakula imenishinda. Nasikia Ruta akiniita.

Siku ya tano, tarehe 6
Si Ruta.

Papa Anselemi ameniuliza: "Habari ya Yona ulimufikishia mama yake?" Jana nilipoenda kuchota maji, yeye aliandika pahali pangu: alikuwa kwenye mustari ya Yona, akaongeza jina ingine kwanza, kisanduku kikaruka. Macho yake ilikuwa kwenye karatasi. Akaandika, maneno yakaanguka mbele ya mudogo yangu. Kosa ni yangu mimi.

Nimekaa muda murefu bila kufuta. Wivu, nasema ukweli. Halafu nikakata maneno, nikayapeleka kwa Yona, nikatoka uwanjani. Mama Dorika alipiga magoti, akapiga vigelegele. Kisha akaniangalia. "Na Ruta?" Nikatikisa kichwa. Akanishika mukono, hakuachilia.

Siku ya posho, Jumamosi, tarehe 7
Ukungu. Nimetengeneza. Mistari mbili tu ya programu: kijiti kiende mwisho wa maandishi, kisanduku kikifuate. Nikaongeza jina, kikateremka chenyewe mpaka chini, kikatulia. Ruta amebaki kule juu, haonekani tena.

Chini kabisa kuna mustari mutupu. Kijiti kinawaka, kinazima. Kila anayefika, jina yake inaingia pale. Mama Dorika ameleta muhogo ya kuchemsha, amekaa kando yangu. Mutoto yake amepatikana, hana tena sababu ya kuja. Tunaangalia pale, siye wawili.