Namba Chini ya Ukurasa

12 Februari

Kwa kitindamimba wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi wazima, isipokuwa macho yangu, ambayo nitayasema mwishoni ili usianze kusoma kwa huzuni. Wewe je? Unakula? Unalala?

Kazi yako ya darasa imefika. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza kama baba, ya pili kama msahihishaji wa kiwanda cha chapa aliyekalia kiti kimoja miaka thelathini na mmoja. Kama baba nimefurahi. Kama msahihishaji, ee Mola wangu! Sentensi yako inaanza juu ya ukurasa, nukta naikuta kule chini karibu na mlango wa kutokea. Msomaji anakata pumzi. Tangu darasa la tatu nakupigia kelele, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Nimeziweka nukta mwenyewe kwa kalamu nyekundu, nakurudishia.

Halafu hiyo namba ndogo iliyo chini ya kila ukurasa, 4417, ni ya nini? Nilidhani uchafu wa wino, nikaikwangua kwa ukucha.

Sasa macho. Daktari anasema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Nimebakiwa na miezi ya kusoma, labda mwaka. Sitaki kuimalizia kwenye magazeti. Nitumie kila kazi utakayoandika. Giza likija, linikute nimeshakusoma wewe.

Baba yako

1 Machi

Shikamoo baba,

Pole sana kwa macho, nimesoma barua yako nikaketi ngazini nikashindwa kwenda darasani, na hiyo namba ni yangu, kila mwanafunzi ana yake, maana kazi tunaziandika kwenye kompyuta na kuzihifadhi kwenye mfumo wa chuo, ukitaka kuprinti unaingia kwa namba yako na neno la siri, unabonyeza, unakimbia chumba cha printa unakuta foleni, unaingiza namba tena ndipo mashine inakubali kutapika karatasi, na inapiga namba chini ili ijulikane aliyeprinti ni nani, kwa hiyo ukiona 4417 ujue ni mimi.

Nitakutumia zote, naahidi. Msalimie dada.

Mwanao

20 Juni

Mwanangu,

Hujambo huko? Dada yako anakusalimu, anasema umemsahau.

Kazi ya Mei na ya mwezi huu zimefika, nimezisahihisha, zimo humu. Nimetafuta pa kuweka nukta nimekosa. Sentensi fupi, safi, kila moja imekaa kwenye kiti chake. Umebadilika, bwana.

Lakini barua zako siku hizi ni mistari miwili. Kuna jambo? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi baba yako sing'ati.

Baba

30 Juni

Shikamoo baba. Hakuna jambo, ni masomo tu yamebana. Nakutumia mbili nyingine. Jitunze.

Mwanao

4 Oktoba

Mwanangu,

Usishangae ukubwa wa herufi. Siku hizi naandika kama mtoto wa chekechea na mstari unapanda mlima. Safari hii nakuuliza hali kwa dhati: hujambo?

Kuna neno limenikaa kooni tangu Mei. Kazi ile ya Mei chini iliandikwa 2093. Ya Juni, 3358. Zilizofuata, kila moja na namba yake. Ukurasa wa jina umeuandika kwa mkono, huku chini mashine inamtaja mwenyewe. Na ni wewe uliyenieleza namba ni ya nini! Ulidhani baba yako anaishia kwenye neno la mwisho? Kiwandani niliajiriwa kusoma yale ambayo watu hawayasomi.

Nilingoja useme. Kila bahasha nilifungua nikitafuta 4417. Nilisahihisha hivyo hivyo, maana niliogopa nikikugusa utaacha hata kuandika. Sasa ukurasa mzima siuwezi tena. Macho yangu ya mwisho nimeyamalizia kwa watoto wa watu. Imeniuma, mwanangu. Sitakuficha.

Lakini si kosa lako peke yako. Siku unaondoka nilikushika bega pale mlangoni nikakuambia, "Usinirudie mikono mitupu." Nilijiona nimetoa busara. Kumbe nilikuwa nakufungia mlango. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu huyu amehamia kabisa, tunakula naye na kulala naye.

Niambie ukweli, hata kwa mistari miwili.

Baba yako

11 Oktoba

Shikamoo baba, shikamoo tena, ingawa sistahili uitikie,

Nilifeli mitihani ya Aprili, baba, nikapoteza nafasi yangu, na siku moja nikaingiza namba yangu pale kwenye mashine na foleni nyuma yangu, mfumo ukaandika kwamba hautambui namba hiyo, nikaingiza tena na tena mpaka msichana aliyekuwa nyuma akaniuliza kama nimesahau neno la siri, nikasema ndiyo, na nilikumbuka neno lako la mlangoni nikashindwa kurudi nyumbani, nikaomba kazi humo humo chumba cha printa, natia karatasi, natoa zilizokwama, naelekeza wageni pa kubonyeza.

Wanafunzi huprinti nakala mbili wakasahau moja kwenye trei ya mashine. Nilizichukua hizo. Nilitoa ukurasa wa jina, sikuwaza kabisa kutazama chini.

Na kuna jingine. Zile ulizosahihisha nilishindwa kuzitupa, nikazirudisha kwenye trei. Wenyewe wakazikuta. Wakaanza kuacha kazi makusudi, wananiuliza, yule mwalimu wa kalamu nyekundu ni nani? Ulimi ulitaka kusema ni baba yangu. Nikarudi kutoa karatasi zilizokwama, maana wangeuliza, na wewe yako iko wapi?

Nisamehe. Nimeomba kurudia mwaka na wamekubali, Januari napewa namba mpya. Ya kwanza nitakayoprinti ni yako. Ningoje, baba.

Mwanao

18 Februari

Kwa mdogo wangu,

Hujambo wewe mtoro? Naandika mimi dada yako. Baba ni mzima wa mwili, ila tangu mwisho wa mwaka haoni hata dirisha liko wapi.

Bahasha yako ilifika juzi. Aliishika, akainusa karatasi kama alivyokuwa akifanya enzi za kiwandani, akaniambia nianze chini. Nikamsomea: 6120. Akasema rudia. Nikarudia. Akauliza, "Hunidanganyi? Mmeshazoea kunidanganya humu ndani."

Basi nikaanza juu. Mdogo wangu, una wazimu? Sentensi ile haina mwisho! Nilifika katikati pumzi zikaniishia, nikakohoa. Baba akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, halafu kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Akasema, "Huyo ndiye. Huyo ni wangu." Nilisoma kurasa zote nne, ikabidi ninywe maji mara mbili.

Nilipomaliza akaomba kalamu nyekundu. Nilimwambia, baba, niambie pa kuweka nukta nitaweka mimi. Akakataa, hiyo ni kazi yake. Aliupapasa ukurasa kwa mkono wa kushoto, akapima mistari kwa vidole, akainama sana, akaiweka moja, akashusha pumzi, akanirudishia kalamu na kifuniko chake.

Amesema uje mikono mitupu. Ameniambia niandike hivyo hivyo.

Ukurasa nakurudishia. Nukta yenyewe imeangukia pembeni, mahali pasipo na neno hata moja. Sikumwambia.

Dada yako