Si Marashi Yangu

Dada,

Asubuhi fundi bomba mmoja, mwanamke, amekosea nyumba, akaingia kwetu. Mwanao alikuwa ametoka kunywa maziwa ya kopo. Yule mama fundi akatazama upele na matapishi, akauliza, "Choo chake kina damu?"

Nikajibu, "Jana kilikuwa na michirizi."

"Wangu alikuwa hivyohivyo. Mzio wa maziwa ya ng'ombe."

Ukirudi mpeleke kliniki, wanawasubiri saa nane. Nepi ya leo iko kwenye mfuko, waonyeshe. Kwa sasa mnyonyeshe tu. Bibi nimeshamwambia asimpe tena ya kopo.

~~Nasubiri kuombwa radhi.~~ Chai iko kwenye chupa.

Wiki tatu mmelaumu marashi yangu kwa upele wake, nami niliahidi kutombeba mpaka daktari aseme. Leo ameninyooshea mikono. Nikamwimbia kutoka mlangoni.

Mjomba wake