Binamu, Uliapa Kuwa Sifongo ni Mmea

Kwako binamu yangu Shabani, mlinda mlango wa duka la watu huko Doha,

Picha zako nimeziona. Miwani ya jua, mguu mmoja mbele, umeegemea gari ambalo hata kuliosha hujaruhusiwa. Mtaa mzima wa Shauri Moyo unakusifu. Mimi nakujua. Ndiyo maana barua hii naiacha wazi, anayetaka kuisoma aisome, kwa sababu kila Ijumaa nikienda kwake Bibi Mwanaisha ananiuliza kama umeshapata ujumbe wake, nami nimechoka kumwambia simu yako haishiki. Simu inashika. Wewe ndiye hushiki.

Kumbuka tulivyoanza, tukiwa chumba kimoja kule Kware, ghorofa ya sita. Mwenye akili ya biashara nilikuwa mimi. Uliza yeyote sokoni Gikomba. Wenzetu wote walikuwa wanauza mitumba, nikasema sisi tuuze sifongo halisi za kuogea, zitoke baharini Lamu. Gunia la kwanza likaja bichi, maana aliyetutumia alikuwa na haraka. Siku ya pili harufu ilikuwa imeshateremka ngazi zote hadi langoni. Keyateka wa ploti, yule msimamizi wa jengo, akaja kugonga mlango kwa rungu.

"Nyinyi! Nani amekufa humo ndani?"

"Ni mimea ya bahari tu, bosi," ukajibu, shati umelivuta hadi puani.

"Mimea gani inanuka samaki? Fungua, bana!"

Tulicheka hadi tukakaa sakafuni. Kisha tukapanda na ndoo juu ya paa tukazikanyaga, ute mweusi ukatoka kama uji ulioungua, zikabaki nyuzi laini za rangi ya asali. Zile nyuzi, binamu, ni mifupa yake. Ulikuwa unakanyaga mifupa huku unaimba.

Halafu akaja Bibi Mwanaisha kibandani kwetu Gikomba. Unamjua vizuri: ndiye anayewaosha wanawake wa mtaa wetu wakifariki, tangu mama zetu hawajaolewa. Akachukua sifongo moja, akaibonyeza, akaiweka shavuni. Alitaka kitu laini, maana ngozi ya mwanamke mzee huchubuka kwa kitambaa. Akauliza swali moja tu.

"Mwanangu, hiki si mnyama? Nisije nikawapaka watu mzoga kwenye safari yao ya mwisho."

"Mnyama? Bibi yangu, huu mmea, ndugu yake dodoki. Wallahi," ukamwambia.

"Waapa?"

"Wallahi tena."

Akachukua tatu. Ukanikonyeza. Miezi michache baadaye ukapata viza yako, ukaenda.

Sasa sikiliza, wewe uliyemaliza kidato cha nne na kunicheka mimi niliyeishia darasa la saba kwa sababu walimu walinionea wivu. Dodoki ni tunda la mtambaazi, jamaa yake tango. Sifongo ni mnyama. Hana mdomo, hana tumbo, hana moyo, hana ubongo wala neva hata moja, na bado ni mnyama, kwa sababu hajipikii chakula kwa jua kama jani, anakula. Ubavuni ana vitundu visivyohesabika vya kuingizia maji, juu ana tundu kubwa la kuyatolea. Ndani mna chembe zenye vimkia kama vijeledi, zinachapa maji mchana kutwa na kunasa bakteria. Akiwa mtoto anaogelea. Akishapata mwamba wake anajishika hapo, hahami tena. Ukimkamua kwenye kitambaa akasambaratika, wapo ambao chembe zao hutafutana na kujijenga upya. Wewe ulikamuliwa mara moja tu na maisha ya Gikomba ukamwagika hadi Uarabuni, na hata kipande chako kimoja hakijamtafuta mwenzake.

Wana koo zao pia. Wapo wenye mifupa ya kioo, hao hukaa kina kirefu. Wapo wa chokaa. Lipo kundi kubwa kuliko yote, ambamo wamo hawa wetu wasio na kioo wala chokaa, nyuzi tupu. Na kuna ukoo mdogo ambao wataalamu walikuja kuutoa ndani ya lile kubwa baada ya kugundua damu haifanani. Nasema damu kwa mdomo tu. Damu yenyewe hawana. Hata wasomi wa zamani walimhesabu kuwa mmea, kwa hiyo kutojua ningekusamehe. Lakini wao hawakumwapia mwosha maiti.

Haya yote nimeyapata kwa Maimuna, mjukuu wake Bibi, aliyemsomea kitabu cha shule Bibi akiwa anachambua mchele. Msichana akafika penye picha ya sifongo, chini yake imeandikwa mnyama. Bibi akaacha sinia palepale. Alikuja Gikomba kwa miguu, zile tatu ziko ndani ya mfuko, akaziweka juu ya meza yangu.

"Nimewaosha wangapi na hivi?" akaniuliza. Akaanza kuwataja kwa vidole: Mama Saidi, Bi Hawa, yule binti wa fundi seremala aliyefia uzazini. Alipofika kwa dada yake mwenyewe akakishika kidole hicho kwa mkono wa pili. Alikuwa anaamini amewapeleka kwa Mola wao na najisi mwilini.

Nilimpeleka kwa Ustadh wa msikitini. Nikamweleza mambo ya vitundu na vijeledi, niliongea kama profesa, wewe ungeaibika.

"Ana damu?" Ustadh akauliza.

"Hana, Ustadh."

"Atoka nchi kavu?"

"Baharini. Lamu."

"Basi Bibi, walia nini? Kiumbe cha bahari kikifa si najisi. Wote uliowaosha wako safi."

Umeelewa, mjinga wewe? Ukweli ungetosha. Ungesema "ndiyo Bibi, ni mnyama, wa bahari," angenunua zilezile tatu na kulala vizuri. Uliapa uongo ambao haukuwa na kazi yoyote.

Na mimi nilikuwa pale. Gunia nilikuwa nimelinusa kama wewe, nikajua hakuna mmea unaooza hivyo, nikanyamaza nikajifanya napanga bidhaa. Hilo nimemwambia Bibi. Akavua kandambili akanichapa nayo begani mbele ya Ustadh, akalia kidogo, kisha akanipeleka kwake akanipa chai na mahamri. Yangu yameisha.

Yako anasema hayaishi kwa simu. "Huyo namtaka hapa mbele yangu nimtazame." Hatoki nyumbani tena siku hizi. Juzi alimwonyesha Maimuna lilipo beseni, akamwambia siku yake ikifika na yeye aoshwe kwa sifongo ileile, ndio watu wajue moyo wake umetulia. Maimuna akakimbilia nje.

Kwa hiyo acha magari ya wenyewe, omba likizo, uje. Nitakupokea, nitakulisha, hata kitanda nitakuachia, na dharau yangu hutaikosa. Mkono wa Bibi bado una nguvu, begani kwangu bado pamevimba. Njoo uchapwe wakati bado anaweza kuinua kandambili.

Ni mimi, binamu yako ambaye hakwenda popote.