Sahani ya Mukate

Jumamosi, Likasi

Hakuna muntu aliigusa. Minye na mama tulikuwa tunakula bukari, na ile sahani ya kioo niliyomuwekea ikalia "ta!" juu ya meza, ikapasuka katikati.

Mama akasimama. "Kwa jina la Yesu! Weye mutoto, nani anakuroga?"

Hakuna anayeniroga. Ni minye niliyeyusha chupa za bia pamoja na kioo cha dirisha mu tanuru, nikatengeneza sahani. Vioo hivyo havipoi sawasawa, vinavutana ndani. Lakini sahani zilitoka nzima, nikafikiri zimepona.

Na leo ku maonyesho niliuza zingine zote. Ile kubwa aliichukua mama mumoja wa kilemba cheupe, ya kuwekea mukate wa Meza ya Bwana kesho. Nilifurahi sana, hata sikumuuliza ni kanisa gani. Na hapa kwetu makanisa ni mengi, nitamupata wapi?

Pengine itapasuka kesho, pengine mwezi ujao. Lakini ikilia katikati ya maombi, watu wote kimya, nani atafikiri kioo? Watamuangalia yule mama. Na yeye mwenyewe ataanza kutafuta dhambi yake.